Ishara hazimfanyi mtoto awe mvivu wa kuongea

Jamani hili la mtoto mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji na kuongea, kwamba "ukimzoesha ishara na picha hataongea kamwe" nimelisikia kwa bibi zetu, kwa walimu wa chekechea, hata kwa wazazi wasomi kabisa, na naelewa linatoka wapi maana kila mzazi anatamani kusikia sauti ya mwanae. Ila sio kweli.

Angalia mtoto yeyote yule, kabla hajajua kusema "maji" ananyooshea kidole kikombe, anapunga bai bai, anainua mikono abebwe, na hakuna anayemkataza eti asije akagoma kuongea. Sasa mtoto mwenye sindromu ya Down mara nyingi anaelewa mengi kuliko anayoweza kutamka, misuli ya mdomo imelegea, na wengi wao majimaji hujaa nyuma ya ngoma ya sikio wasisikie vizuri, ukimnyima ishara unamwachia nini zaidi ya kulia na kung'ata wenzake?

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walipitia tafiti za watu wenye ulemavu wa ukuaji wa aina mbalimbali waliofundishwa kuwasiliana kwa njia kama ishara na picha, kwenye kesi 27 zenye ushahidi mzuri hakuna hata mmoja aliyepungua kuongea, 89% waliongeza, japo wengi kidogo kidogo.

Cha muhimu mwalimu aseme neno huku anaonyesha ishara, asikae kimya, na darasa zima lijifunze, "choo", "nataka", "bado", watoto wanashika haraka mno, halafu unakuta wanamwita mwenzao huyo wenyewe kwa mikono aje wacheze.