Ukumbi wa sinema wa zamani: anza na gata, ndipo uiguse sakafu

Ukipita Uhindini, Mbeya, au mitaa ya zamani ya maduka pale Iringa mjini, jengo lililowahi kuwa sinema hutambulika hata kama bango lilishang'olewa. Mbele lina ukuta mrefu unaoficha paa, kama nyumba za kontempo za siku hizi. Ubavuni hakuna dirisha, kwa kuwa ukumbi ulitakiwa uwe giza saa nane mchana. Juu ya paa, upande wa mbele, mara nyingi utaona mabomba mawili ya bati yaliyotoboka kwa kutu. Yale ni ya kutolea moshi wa mashine za kuonyeshea picha.

Chumba cha mashine ndicho sehemu ninayoitazama kwa muda mrefu kuliko zote. Kuta zake ni nene, dari ni ya zege, mlango ni wa chuma na hufunguka kwa nje. Sababu ni moto: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 filamu nyingi zilitengenezwa kwa nitreti, ambayo ikishika moto haizimiki hata ukiitumbukiza majini. Kwenye ukuta unaotazama ukumbi kuna matundu manne, mawili kwa kila mashine: moja la kupitisha mwanga, jingine la jicho la fundi. Kila tundu lilikuwa na kifuniko cha chuma cha kudondoshwa moto ukitokea.

Mashine zilikuwa mbili kwa sababu rili moja, yaani gurudumu la filamu, haitoshi picha nzima. Filamu ya milimita 35 hupita futi 90 kwa dakika, hivyo rili ya futi 2,000 huisha kwa dakika 22 hivi. Picha ya Kihindi ya saa mbili na nusu ilihitaji rili saba. Rili ikikaribia kwisha, alama ndogo ya duara ilimulika kwenye kona ya juu kulia ya pazia: fundi anawasha mota ya pili. Sekunde kama nane baadaye inakuja alama nyingine, naye anahamisha mwanga. Muda wote huo anasogeza vijiti viwili vya kaboni vinavyoungua ndani ya taa. Vikiachana, mwanga unazimika na ukumbi mzima unapiga miluzi.

Wengi husema video ndiyo iliyoua sinema. Mimi naona video ilimkuta mgonjwa hoi kitandani. Kampuni ya Filamu Tanzania iliyoanzishwa 1968 ndiyo iliyokuja kushika uingizaji wa picha. Fedha za kigeni zilipoadimika, hasa baada ya Vita vya Kagera, picha mpya, kaboni na vipuri navyo vikaadimika. Rili ikifika Mbeya, kilomita zaidi ya 800 kutoka Dar es Salaam, ilikuwa na mikwaruzo na matundu ya pembeni yaliyoraruka, na kila kiungio ni mahali pa kukatikia. Kibanda cha video kilihitaji runinga, deki na mabenchi tu. Mwaka 1994 ITV ikaanza kurusha matangazo, watu wakabaki sebuleni.

Jengo lenyewe lina ugonjwa wake. Sheria ya 1971 ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba. Kwa jengo lililotwaliwa, muuza tiketi na mwenye paa wakawa watu wawili, na gata, mfereji wa maji ya mvua wa paa, ikakosa mwenyewe. Nayo gata ndiyo roho ya jengo hili, maana imejificha nyuma ya ule ukuta mrefu. Ikiziba kwa majani, mvua za Novemba hadi Aprili zinajaa na kumwagikia ndani, pale ncha za kenchi, fremu za mbao zinazobeba paa, zilipokalia ukuta. Panda na bisibisi, choma kila ncha. Bisibisi ikizama zaidi ya sentimita moja, mbao imeoza: egemeza kenchi kwanza, kata hadi mbao nzima, unga kipande kipya kwa boliti. Dari ikiwa ya asbesto, usiikate wala kuipiga msasa.

Kosa la pili, baada ya kuisahau gata, ni kusawazisha sakafu. Sakafu hushuka kuelekea pazia, mara nyingi sentimita 5 hadi 10 kwa kila mita, hivyo ukumbi wa mita 20 unadai kifusi cha mita moja hadi mbili upande wa chini. Kifusi hicho kinasukuma ukuta uliojengwa kubeba paa tu, na unyevu wake unapanda juu ya tabaka la kuzuia maji, hadi plasta inadondoka vipande vipande. Weka sakafu ya mbao juu ya vinguzo, acha uwazi chini na matundu ya hewa pande zote.

Ukitaka madirisha, toboa katikati ya nguzo na nguzo, kamwe si chini ya kenchi, na weka lenta, boriti ya juu ya dirisha, kabla ya kubomoa. Yale matundu manne usiyapige plasta. Yazibe kwa kioo, na chumba cha mashine kitapata mwanga.