Kusahihisha Picha za Kamera ya Darubini Kabla ya Kuzipamba

Kila pikseli ya picha iliyotoka kwenye kamera ya darubini hubeba namba, na namba hiyo si mwanga wa nyota peke yake. Ndani yake mna kiwango cha kuanzia kinachoongezwa na saketi za kamera, mna elektroni zilizozalishwa na joto la kihisi chenyewe (kipande cha kamera kinachopokea mwanga), na mna vivuli vya vumbi lililotua kwenye vioo.

Joto huondolewa kwa picha za giza, zinazopigwa darubini ikiwa imefunikwa. Ikiwa galaksi ilipigwa kwa sekunde 300 kihisi kikiwa nyuzi -10 za Selsiasi, picha ya giza nayo ipigwe kwa sekunde 300 katika nyuzi zizo hizo, kwa kuwa katika vihisi vingi ongezeko la nyuzi sita au saba hivi hutosha kuzidisha elektroni hizo maradufu. Moja haitoshi, zipigwe 20 au zaidi, kisha ichukuliwe namba ya kati ya kila pikseli zinapopangwa kwa ukubwa, nayo itolewe kwenye pikseli hiyohiyo ya picha ya galaksi. Usiku mwangavu hauna haja ya kupotezwa kwa kazi hii, maana mawingu hayaidhuru.

Vivuli vinahitaji picha ya uso unaong'aa sawasawa, kama vile anga la machweo, iliyopigwa bila kuzungusha kamera wala kugusa fokasi. Punje ya vumbi ikisogea, picha hiyo haifai tena. Hapa hatutoi, tunagawanya kwa picha hiyo. Tuseme pikseli ya pembeni hupokea asilimia 80 ya mwanga unaofika katikati: nyota iliyostahili kusomeka 1,000 itasomeka 800, na 800 ikigawanywa kwa 0.8 hurudi 1,000. Lakini kama kiwango cha kuanzia cha 500 hakikutolewa kwanza, tutagawanya 1,300 na kupata 1,625, ilhali nyota ya mwanga huohuo iliyo katikati inasomeka 1,500. Pembe za picha zitang'aa kupita kiasi, na wengi wakiona hivyo hulaumu darubini, kumbe wamekosea mpangilio wa hesabu tu.

Kunyoosha mwangaza, yaani kukuza tofauti za sehemu hafifu ili mikono hafifu ya galaksi ionekane hufanywa mwisho, tena kwenye nakala. Hatua hiyo huvuruga uwiano wa namba, hivyo anayetaka kupima mwangaza wa nyota hulirudia faili lililosahihishwa kabla halijanyooshwa.