Je, wajua kwa nini mstari wa kipimo cha malaria ni mwekundu?

Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha nilipompeleka mwanangu, akiwa anachemka homa, kwenye zahanati moja pembezoni mwa Dodoma. Muuguzi akamtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kile kipimo cheupe cha plastiki, akaongeza matone ya dawa, kisha akaandika saa pembeni kwa kalamu. Tukakaa kukitazama. Unyevu mwekundu ulipanda taratibu ukaacha mstari mmoja kwenye herufi C. Kwenye T, patupu. Hana malaria.

"Dada, wino huu mnauweka saa ngapi?" nikauliza.

"Hatuweki kitu, baba. Unakuja na kipimo chenyewe."

Basi si wino. Katika vipimo vingi vya aina hii, hata vile vya mimba vya duka la dawa, rangi hiyo ni dhahabu halisi.

Lakini dhahabu tunayoijua ni ya njano. Ile sarafu ya rupia 15 yenye tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya Sekenke kule Singida, ni ya njano mpaka leo. Uwekundu unatoka wapi?

Unatoka kwenye udogo. Gawa milimita moja vipande milioni: kipande kimoja ndiyo nanomita. Seli nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 hivi; chembe ya dhahabu ya kwenye kipimo, makumi machache tu. Ndani yake elektroni, zile punje ndogo za umeme, zimebanwa. Mwanga ukipita, zote huyumba kwa pamoja, huku na huku, kama maji kwenye beseni alilojitwika mama anayetembea. Myumbo huo una mwendo wake, nao unaoana na mawimbi ya mwanga wa kijani. Kijani kinamezwa, kinachotufikia ni chekundu.

Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliieleza dhahabu hii jijini London mwaka 1857. Kimiminika chake kilikuwa chekundu kama mvinyo wa zabibu zetu, na alipotia chumvi kikageuka bluu. Leo tunajua sababu: chumvi huzifanya chembe zigandamane, na myumbo wa elektroni ukabadilika. Faraday hakuwa na chombo cha kuziona chembe zenyewe, lakini alisema wazi kuwa ni dhahabu iliyosagika mno. Kwangu mimi hiyo ni akili ya ajabu. Hesabu kamili ya jinsi mwanga unavyokutana na chembe kama hizo ilitolewa na Mjerumani Gustav Mie mwaka 1908.

Kwenye kipimo, kila chembe imepakwa kingamwili, yaani askari wa kinga ya mwili, zinazokamata protini ya vimelea vya malaria. Unyevu unazikokota juu ya karatasi. Kwenye T kuna kingamwili nyingine zilizogandishwa hapo: chembe iliyobeba protini hunaswa, isiyobeba hupita. Chembe moja jicho haliioni, ila zikirundikana nyingi sana sehemu moja, mstari unajitokeza. Zilizopita hunaswa kwenye C, iwe mtu anaumwa au haumwi, na mstari wa C usipotokea kipimo hicho ni kibovu, kinarudiwa.

Mstari wa mwanangu ndio huo: dhahabu iliyopita T mikono mitupu ikaishia C.