Unyayo hauoti jua

Rasimu ya tano mwaka huu ya ombi la ufadhili wa utafiti imefika mezani pangu hapa Kisumu, na aya ya kwanza ni ile ile: tuko kwenye ikweta, jua letu kali, kwa hiyo melanoma, saratani inayoanzia kwenye seli za rangi ya ngozi, inawatishia wakazi wa kaunti hii, tunaomba ufadhili. Wahakiki wataitupa kabla hawajaifikia bajeti, na sitawalaumu.

Ndugu zangu, unyayo hauoti jua. Melanoma ya mtu mweusi mara nyingi huanzia kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha. Ya Bob Marley ilikuwa kwenye kidole cha mguu. Iligunduliwa 1977, naye akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Mwaka jana nilimpokea mama mmoja anayelima mpunga Ahero, kisigino amekifunga kwa kipande cha leso. Zahanati moja ilikuwa imemsafisha kidonda miezi tisa bila yeyote kumkata kinyama cha kupima. Nilipoosha tope, pembeni mwa kidonda palikuwa na weusi uliotambaa kama wino kwenye karatasi iliyolowa, na mtoki ulikuwa umeshamtoka. Mafuta ya kukinga jua yangemsaidia nini mama yule? Alihitaji mtu wa kumwambia mapema, mama, hebu vua kiatu nione.

Mafuta hayo wanayahitaji mno wenzetu wenye ualbino. Kwao jua ni adui kweli, na saratani ya seli bapa huwala masikio, midomo na shingo wangali vijana. Hiyo ni saratani nyingine, ina andiko lake. Saratani ya Kaposi ni ya tatu: husababishwa na virusi vya HHV-8, vilivyogunduliwa 1994, na hushamiri VVU vikishavunja kinga. Ukizitia zote tatu kwenye kapu moja la "saratani ya ngozi", una maswali matatu yanayogombania bajeti moja, na hata moja halijibiwi.

Mhakiki makini atakuuliza: kama si jua, ni nini? Hapo nami hukwama. Wapo wanaoshuku majeraha na msuguano wa kukanyagia chini, lakini jambo hilo bado linabishaniwa. Niliwahi kuliandika kwa uhakika nisiokuwa nao; siandiki tena.

Na idadi ya wagonjwa? Tunahesabu waliofika hospitali wakakatwa kinyama. Aliyefia nyumbani Seme na "kidonda cha mguu" hayumo kwenye daftari la saratani. Basi usiombe pesa za kuchambua daftari kana kwamba limekamilika. Omba za kulijaza: fomalini ya kuhifadhia kinyama, muda wa mtaalamu wa patholojia wa kukipima, nauli ya boda na matatu ili mgonjwa arudi kuchukua majibu. Hiyo nauli msiifute kamwe. Nimeona majibu ya melanoma yakikaa kwenye faili mpaka mwenyewe akazikwa.

Mengine ni ya haraka. Kamati ya maadili ya utafiti na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, anza mapema. Kwa gharama za uendeshaji, NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, huzipa taasisi za nje asilimia iliyopangwa. Mwambie mhasibu aithibitishe kabla hajaandika 20. Malengo yatoshe ukurasa mmoja.

Rasimu nimemrudishia mwenyewe. Sentensi ya ikweta nimeikata, na pembeni nimeandika: njoo kliniki Alhamisi tuangalie nyayo pamoja, ndipo uandike upya.