Mnyoo wa plastiki: uvute lini? Dhana potofu na ukweli

Maelekezo mengi ya kuvua kwa mnyoo wa plastiki laini, chambo bandia, yametoka Marekani, ambako hutumika kumvua samaki wa maji baridi aitwaye besi. Besi hayumo Ziwa Tanganyika. Alipandikizwa Ziwa Naivasha, Kenya, miaka ya 1920. Anayetupa mnyoo kutoka kwenye miamba ya Katonga, au akiwa mtumbwini nje ya Ujiji, anamtafuta kuhe, ndugu mkubwa wa perege anayekula samaki wenzake. Samaki ni tofauti, ila makosa ya kuvuta hayatofautiani sana.

"Ukisikia amegusa tu, vuta!"

Besi hufungua mdomo ghafla, maji yakaingia na mnyoo ukaingia nayo. Ule mguso mmoja mfupi unaousikia kwenye fimbo, *tk*, mara nyingi maana yake mnyoo umeshafika ndani. Kwa hiyo ukimkosa, si kwamba umewahi kabla samaki hajala. Umewahi kabla mshipi haujanyooka. Mnyoo huvuliwa ukiwa unashuka au umelala chini, na wakati huo mshipi huwa umelegea, hasa kiangazi upepo wa kusini-mashariki unapoupinda juu ya maji. Ukikutua hapo, yaani ukivuta kwa ghafla, nguvu yote inaishia kunyoosha lile pindo, na ndoana haisogei hata kidogo.

Fanya hivi. Shusha ncha ya fimbo ielekee maji. Zungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, mara mbili au tatu mpaka mshipi unyooke na uhisi uzito mzito, kama umenasa tambara lililolowa. Hapo ukutue kwenda juu, mara moja, huku mkono mwingine ukiendelea kuzungusha. Yote huchukua sekunde moja au mbili. Mshipi ukianza kutembea pembeni kabla hujahisi chochote, usisubiri mguso: samaki anao mnyoo tayari. Nyoosha, kisha vuta.

"Mwache ameze kwanza, hesabu mpaka kumi."

Dhana hii ina mizizi. Ukivua kwa nyungunyungu au dagaa mbichi, samaki anaonja chakula na hana sababu ya kukiachia. Plastiki haina utamu wa nyama, hata ile iliyotiwa chumvi. Ulaini wake unamfanya aishike kwa muda mrefu kuliko kipande kigumu cha mbao au chuma, kisha anaitema. Asipoitema, ameimeza, na ndoana imefika kooni au kwenye matamvua. Huyo ukitaka kumrudisha majini kwa sababu ni mdogo, damu itamwishia. Ikitokea, kata mshipi karibu na mdomo. Kung'oa ndoana kooni ni kumchinja.

Kuna miguso ya kuiachia kweli: ile ya harakaharaka, *tk-tk-tk-tk*, isiyo na uzito nyuma yake. Hao ni samaki wadogo wanaodonoa mkia wa mnyoo. Ukiwavutia kila mara utarudi nyumbani na minyoo isiyo na mikia.

"Anayekosa hana nguvu mikononi."

Hapa ndipo watu wanavunja fimbo bure. Nailoni hutanuka. Mita 25 za nailoni zikitanuka kwa sehemu moja tu katika ishirini, zimekula mita 1.25, na mvuto mzima wa fimbo ndefu ni kama mita moja na nusu. Kinachobaki kufika kwenye ndoana ni kidogo sana. Dawa ni kuvua karibu zaidi, au kutumia uzi wa kusuka, ambao karibu hautanuki; na ukiwa nao, punguza nguvu, maana mvuto ule ule utapasua mdomo wa samaki. Breki ya rili nayo ikiwa imelegea, spuli yenye mshipi inateleza wakati ule ule unapokutua.

Halafu kuna ndoana yenyewe. Kwenye mtego wa kupita majanini, ncha hufichwa ndani ya mnyoo, kwa hiyo inatakiwa kutoboa plastiki kabla haijagusa samaki. Mnyoo wa inchi 7 unakaa vizuri kwenye ndoana namba 3/0 yenye kona shingoni, na chubwi la gramu 5 hadi 7. Mnyoo mnene ukijaza nafasi kati ya ncha na shina, ncha haitokezi, hata ukivuta kwa mikono miwili. Ukali pima hivi: buruta ncha taratibu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikikwama, ni kali. Ikiteleza, inole au ibadilishe.

"Ndoana zote huvutwa vilevile."

Ndoana ya duara, ambayo ncha yake imegeukia shina, haikutuliwi kabisa. Kaza mshipi polepole, itajigeuza yenyewe pembeni mwa mdomo; ukiikutua inatoka kavu. Yenye ncha wazi inataka kifundo cha mkono tu. Kwa mshipi wa mkononi bila fimbo, rudisha mkono nyuma kwa urefu wa mkono mmoja, na usiuzungushe kiganjani: samaki mkubwa akigeuka, uzi hukata nyama.

"Ukimkosa mara moja, basi tena."

Si lazima. Usikunje mshipi. Acha mnyoo ushuke tena ulipokuwa, utulie, utikise kidogo. Mara nyingi anarudi. Asiporudi, ndipo uutoe na uusome. Mkia umekatika: walikuwa wadogo. Mnyoo umeteleza na kujikunja chini ya kona ya ndoana: ameukamata kweli, ila ncha haikutoka, kwa hiyo kagua unene wa mnyoo na ukali wa ndoana. Mnyoo umenyooka vilevile, kichwani una mikwaruzo ya meno, na ncha bado imefichwa ndani: ulivuta mshipi ukiwa umelegea.