Suti ya mbizi hukaushwa na upepo, si jua

Visiwani Zanzibar tumezoea kuachia jua kazi ya kukausha. Karafuu huanikwa juani, mwani juani, dagaa juani, na mtu akitoka kuzamia kwenye visiwa vya Mnemba au Misali na suti iliyorowa, kitu cha kwanza anachotafuta ni kamba iliyo katikati ya uwanja. Suti nyingi za vituo vya mbizi huzeekea kwenye kamba hiyo kuliko zinavyozeekea chini ya maji.

Suti ya mbizi ni mpira wa neoprini uliojaa viputo vidogo vya gesi vilivyofungika kila kimoja peke yake, ukabandikwa vitambaa vya nailoni ndani na nje. Viputo ndivyo vinavyozuia joto la mwili lisipotee. Miale ya jua hukakamaza mpira, na joto hulegeza gundi ya mishono. Rangi yake huwa nyeusi mara nyingi, kwa hiyo ikianikwa juani saa saba mchana hupata moto kiasi cha kuunguza kiganja. Dalili huanzia magotini na mabegani: rangi inafifia, vinatokea vistari vyembamba vya ufa, na ukivuta kitambaa unahisi kinakataa. Mpira ukishafika hapo haurudi.

Kabla ya kuanika, tumalize habari ya chumvi, maana ndiyo inayowachosha watu wengi bila kujua. Chumvi ya bahari ina kloridi ya magnesi ndani yake, na hiyo huvuta unyevu kutoka hewani. Kwa hewa yetu hii, suti isiyosuuzwa vizuri haikauki hata ukiiacha wiki nzima. Jioni unaishika unaona imekauka, asubuhi unaikuta chepechepe tena, na mtu anasema banda linavuja. Gusa mshono wa kwapa kwa ncha ya ulimi. Ukionja chumvi, irudishe kwenye maji.

Pipa la kusuuzia nalo lina hesabu yake. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Tuseme kila suti inaingia na lita 2 za maji ya bahari zilizonasa ndani yake: hizo ni gramu 70. Suti kumi zikipita kwenye pipa moja la lita 200, umetia gramu 700, yaani gramu 3.5 kwa lita. Wa kumi anasuuza kwa maji yenye sehemu ya kumi ya chumvi ya baharini. Ndiyo maana nashauri mapipa mawili. La kwanza ni la kutoa chumvi nyingi na mchanga, la pili ni la mwisho, na lile la pili likianza kuonja chumvi linashushwa cheo kuwa la kwanza, kisha unajaza jipya. Kabla ya yote mawili, ning'iniza suti ichuruzike dakika tano. Dakika hizo zinaokoa maji mengi, na sote tunajua maji matamu yanavyopatikana kwa tabu kwenye vijiji vya pwani.

Visima vingi karibu na ufukwe vina maji ya chumvichumvi. Yatumie kwa pipa la kwanza bila wasiwasi, ila suuzo la mwisho liwe la maji matamu: ndoo moja ya lita 20 inatosha suti moja ukiipindua na kuikandakanda. Maji yasiwe ya moto. Bomba jeusi lililolala juu ya bati mchana kutwa hutoa maji ya kutosha kulegeza gundi, kwa hiyo yaache yapite kwanza hadi yapoe.

Suti inayonuka ni suala jingine. Mkojo ukibaki kwenye kitambaa, bakteria huuvunja na kutoa amonia, na harufu hiyo haiondoki kwa maji matupu. Loweka nusu saa katika lita 20 za maji zilizotiwa kikombe kimoja cha siki nyeupe, kisha suuza mara mbili. Kwa uchafu wa kawaida, kijiko kimoja cha shampuu ya watoto kinatosha. Sabuni ya unga na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe ziache mbali kabisa, zinakula mpira na rangi. Na tafadhali, suti isifukizwe. Najua nguo zetu zote tunazipitisha kwenye udi na ubani, lakini makaa ya chetezo chini ya neoprini yanatosha kuyeyusha mshono.

Sasa kuanika. Ipindue, ndani ije nje, kwa sababu upande unaogusa ngozi ndio unaotakiwa ukauke kwanza. Ukianza na upande wa nje, kesho yake utavaa kitu kinachoonekana kikavu huku ndani ni maji, na hapo ndipo vipele huanzia. Usiikamue kwa kuisokota. Iminye kwa viganja kuanzia juu kushuka chini, ukimalizia mikononi na miguuni.

Kinachoharibu umbo ni uzito. Suti yenye unene wa milimita 5 iliyorowa ina kilo kadhaa za maji, na ukiitundika mabegani kwa henga ya waya, maji yote yanateremka na kuvuta mabega mpaka yanarefuka. Waya nao unashika kutu na kuacha doa lisilotoka. Ikiwa mbichi, ikunje kiunoni juu ya kitu kinene. Mimi napendelea bomba la plastiki la inchi 4: pitisha kamba ya nailoni ndani ya bomba, funga ncha mbili kwenye nguzo, basi. Halina msumari, halina kutu, halina vibanzi kama boriti, na unene wake hauachi mkunjo. Baada ya nusu saa rudi uminye tena mikono na miguu, utaona maji yamekusanyika pale kwenye mapindo.

Bomba lifungwe kivulini penye upepo. Banda la makuti lililo wazi pande mbili ni zuri kuliko chochote. Chini ya bati la chini chini joto ni kali mno hata kama hakuna jua la moja kwa moja. Wakati wa kusi, upepo unatoka kusini-mashariki, basi panga bomba likate upepo ili hewa ipite pande zote mbili za suti. Kaskazi ikiingia, upande unaopata upepo hubadilika na bomba huhamishwa. Suti ya milimita 3 kwa kawaida inataka siku moja ya upepo mzuri, ya milimita 5 siku mbili. Upande wa ndani ukikauka, ipindue. Ianue kabla ya magharibi, kwani umande wa usiku unarudisha kazi yote nyuma. Viatu vya mpira na glavu vitundike vidole vikitazama juu, visiwekwe chini vikiwa vimefunga midomo.

Kuhifadhi ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi wakati wa masika, Aprili na Mei, ambapo baadhi ya vituo hufunga na suti hukaa wiki nyingi bila kuguswa. Suti kavu kabisa ndiyo inayoweza kutundikwa mabegani, kwa henga pana ya mbao au ya plastiki. Usiikunje na kuirundika. Kwenye mkunjo viputo hubaki vimebanwa miezi mizima, na pale mpira unabaki mwembamba. Baharini ndipo utakapohisi baridi inaingia, hasa Julai na Agosti. Mfuko wa plastiki uliofungwa hufungia unyevu ndani. Kwenye nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe, ukuta wenyewe hutoa unyevu, kwa hiyo acha nafasi ya angalau shubiri moja. Chumba cha kompresa, mashine ya kujazia hewa mitungi ya mbizi, hakifai hata kikiwa na nafasi: mota ya umeme hutoa ozoni, nayo hupasua mpira, na mvuke wa petroli ya mashine ya boti huuvimbisha.

Funga velkro ya shingoni ili miiba yake isichane nailoni. Zipu ipake nta ya mshumaa mweupe kwenye meno, kisha ipandishe na kuishusha mara chache. Kila wiki fungua chumba siku ya upepo, shika kwapa na mapajani. Ukiona vidoa vyeusi vya kuvu, pitisha brashi laini yenye siki, suuza, na uirudishe kwenye bomba mpaka ikauke pande zote mbili.