Je, Wajua Kwa Nini Jerry Rice Alicheza Misimu 20 Katika Kazi Inayowatoa Wengi Mapema?

Mchezaji wa kulipwa wa futiboli ya Kimarekani kwa kawaida hadumu. Chama cha wachezaji wa NFL, ligi kuu ya mchezo huo, kimekuwa kikieleza kwamba kwa wastani mchezaji hukaa katika ligi miaka mitatu na miezi kadhaa tu, kisha goti, bega au kichwa humtoa, au huja kijana mwenye mbio zaidi akachukua nafasi yake. Jerry Rice aliingia katika ligi hiyo mwaka 1985 akiwa na miaka 22, na msimu wake wa mwisho, ule wa 2004, ulimkuta ana miaka 42. Katika muda huo alidaka pasi 1,549 zilizozipatia timu zake yadi 22,895. Ukizipanga yadi hizo katika mstari mmoja zinakaribia kilomita 21, yaani urefu wa nusu marathoni, na karibu kila hatua ya safari hiyo alikuwapo mtu mzima mwenye misuli aliyetaka kumwangusha chini. Anayemfuatia, Larry Fitzgerald, aliishia yadi 17,492. Pengo kati yao linazidi yadi 5,000, na wapo wapokeaji wengi wazuri ambao hawafikishi kiasi hicho katika maisha yao yote ya uchezaji.

Aliwezaje? Jibu ambalo wengi wangelitoa haraka ni kasi, na ndilo jibu lisilo sahihi.

Kwa msomaji asiyeufahamu mchezo wenyewe, timu huingiza uwanjani wachezaji 11 na hupewa majaribio manne ya kuusogeza mpira yadi 10, sawa na mita 9 na ushei. Ikifaulu hupewa manne mengine. Ikishindwa, mpira huenda kwa wapinzani. Mpira huweza kubebwa na kukimbizwa, au kurushwa mbele na kwotabeki, yaani mrushaji mkuu wa timu, na ukifikishwa katika eneo la mwisho la wapinzani hilo ni tachidauni, lenye thamani ya pointi 6. Mpokeaji wa pembeni, ambayo ndiyo nafasi aliyocheza Rice, husimama karibu na mstari wa pembeni, hukimbia njia iliyochorwa kabla ya mchezo kuanza, humpiga chenga beki anayemlinda, kisha hudaka mpira na kuendelea kukimbia. Akidakia karibu na mstari, lazima miguu yake yote miwili iguse ndani ya uwanja. Tangu mwaka 1978 sheria inamruhusu beki kumkumba mpokeaji katika yadi 5 za mwanzo tu. Baada ya hapo, kumzuia kwa mikono ni kosa. Sheria hiyo ilifungua zama za pasi, na Rice alizikuta zimeshaanza.

Alizaliwa Starkville, Mississippi, tarehe 13 Oktoba 1962, akakulia Crawford, mji mdogo wa jimbo hilo hilo. Baba yake alikuwa mwashi, na wakati wa likizo watoto wa kiume walikwenda naye kazini. Jerry alisimama juu ya jukwaa la ujenzi, ndugu zake wakimrushia matofali kutoka chini, naye akiyadaka na kumsogezea baba. Tofali si mpira. Lina kingo, lina uzito, na uso wake unakwaruza. Ukilipokea kwa mikono iliyokakamaa linakuchuna vidole, kwa hiyo mkono hujifunza wenyewe kulegea kidogo na kurudi nyuma pamoja nalo, kisha kulikamata. Jicho nalo halina ruhusa ya kuangalia pembeni. Mtu aliyepitia kazi hiyo chini ya jua la Mississippi, msimu baada ya msimu, anapofika uwanjani akarushiwa mpira wa ngozi, sehemu kubwa ya somo ameshaimaliza.

Hakuingia mchezoni kwa ndoto yoyote kubwa. Siku moja alikuwa ametoroka darasani, akakutwa na mkuu wa shule, akatimua mbio, na mkuu yule pamoja na kumwadhibu akapeleka habari za mbio zile kwa kocha. Baada ya sekondari alikwenda Mississippi Valley State, chuo kidogo cha Wamarekani weusi kilichoko Itta Bena, ambako kocha Archie Cooley alikuwa na mfumo wa kurusha pasi takribani kila wakati na mrushaji wake alikuwa Willie Totten. Katika kila mmoja wa misimu miwili ya mwisho Rice alidaka pasi zaidi ya 100, na mwaka 1984 peke yake akadaka tachidauni 27. Hata hivyo baadhi ya wasaka vipaji walimtilia shaka: chuo hakikuwa na jina, na mbio zake za yadi 40, kipimo ambacho Wamarekani hukiheshimu mno, hazikuwashangaza. Katika drafti ya mwaka 1985, ambayo ndiyo njia timu zinavyogawana wachezaji wanaotoka vyuoni, wapokeaji wawili walichaguliwa kabla yake. Alichukuliwa wa 16 na San Francisco 49ers, baada ya kocha Bill Walsh kubadilishana nafasi na New England Patriots ili ampate yeye.

Hapa ndipo penye kiini cha jibu. Walsh alifundisha mfumo wa pasi fupi zinazokwenda kwa hesabu ya hatua. Kwotabeki alirudi nyuma hatua tatu au tano, na mguu wa mwisho ukikanyaga, mpira hutoka, mara nyingi kabla mpokeaji hajageuka kuutazama. Mpira ulirushwa mahali ambapo mpokeaji angekuwapo, si mahali alipokuwa. Mpokeaji akikata kona hatua moja mapema au hatua moja baadaye, mpira unaanguka chini au unaingia mikononi mwa adui. Katika mfumo wa namna hiyo mbio za yadi 40 zina faida ndogo kuliko uwezo wa kukimbia yadi 7 zilezile kwa hatua zilezile, kila mara, hata ukiwa umechoka.

Tazama jambo moja tu ambalo Rice alilifanya vizuri kuliko wengine. Mpokeaji wa kawaida, anapokaribia kukata kona, hufupisha hatua, huinua kifua na kupunguza mwendo, na beki mwenye uzoefu huisoma dalili hiyo na kuwahi. Rice alikimbia kila njia kwa mwendo ule ule, kifua kikiwa kimeinama mbele, na hatua zake hazikumwambia beki kitu mpaka mguu wa nje ulipochimba nyasi na mwili ukageuka. Nusu hatua aliyoipata hapo ilimtosha. Akaudaka mpira huku anakimbia, bila kusimama, na ndiyo maana pasi ya yadi 8 iliweza kugeuka tachidauni ya yadi 60. Mabeki waliokuwa na mbio kuliko yeye kwenye saa ya kupimia walimfuata kwa nyuma mpaka mstari wa mwisho.

Mwanzoni mambo hayakuwa rahisi. Katika msimu wake wa kwanza aliangusha pasi nyingi, na mashabiki wa nyumbani walimzomea, kwa sababu alikuwa anawaza njia za kukimbia huku mpira uko hewani. Njia zilipomkaa mwilini, mikono ya mwana wa mwashi ikarudi. Mwaka 1986 alipata yadi 1,570. Mwaka 1987, ligi ikiwa imevurugwa na mgomo wa wachezaji, alidaka tachidauni 22 katika mechi 12. Januari 1989, katika fainali ya Super Bowl dhidi ya Cincinnati Bengals, alicheza na kifundo cha mguu kilichokuwa kinauma, akadaka pasi 11 za yadi 215, na akatangazwa mchezaji bora wa mechi hiyo.

Kilichomdumisha zaidi, kwa maoni yangu, kilitokea pale ambapo hapakuwa na watazamaji. Mwenzake Roger Craig alimpeleka kwenye kilima kilicho katika hifadhi ya Edgewood, San Carlos, kusini mwa San Francisco, chenye njia ya kupanda ya takribani kilomita 4. Wakati wenzao wakiwa likizo, Rice alikipanda kwa kukimbia asubuhi na baadaye kunyanyua vyuma, siku sita kwa wiki. Wachezaji vijana waliojiunga naye walishangazwa na ukali wa zoezi hilo. Hata mazoezini, kila alipodaka pasi, iwe fupi kiasi gani, alikimbia nayo mpaka eneo la mwisho. Kwa sababu hiyo robo ya nne ya mechi, ambayo huwakuta mabeki wamechoka, ilimkuta yeye na hatua zilezile za robo ya kwanza.

Mwili wake haukuwa wa chuma. Tarehe 31 Agosti 1997, katika mechi dhidi ya Tampa Bay, kano za goti lake la kushoto zilikatika, na mfululizo wake wa kucheza mechi 189 bila kukosa ukafikia mwisho. Alirudi uwanjani tarehe 15 Desemba mwaka ule ule, akadaka tachidauni, na katika kuanguka akapasua pia ya goti. Naamini alirudi mapema mno. Msimu uliofuata alicheza mechi zote 16 na kupata yadi 1,157, akiwa na miaka 36.

Lipo na jambo ambalo anayempenda Rice hana haki ya kulificha: mwaka 2015 alikiri kwamba aliwahi kupaka glavu zake gundi, kitu kilichopigwa marufuku katika ligi tangu mwaka 1981. Ni doa, na litajwe. Lakini gundi haikati kona wala haipandi kilima, na ustadi wa miguu ndio uliomweka wazi kabla mpira haujamfikia.

Uthibitisho uko katika miaka yake ya uzee. Mwaka 2001 alihamia Oakland Raiders, mbio zikiwa zimepungua wazi, na mwaka 2002, alipotimiza miaka 40, alidaka pasi 92 za yadi 1,211 na kufika fainali. Septemba 2004 mfululizo wake wa kudaka angalau pasi moja katika kila mechi ulikoma baada ya mechi 274. Akamalizia msimu Seattle Seahawks. Mwaka 2005 alijaribu nafasi Denver Broncos, akaambiwa kwamba angekuwa chini sana katika safu ya wapokeaji, na akatundika daluga kabla ligi haijaanza. Agosti 2006 timu ya San Francisco ilimsainisha mkataba wa heshima wa siku moja ili astaafu akiwa mchezaji wao. Kiasi kilichoandikwa kilikuwa dola 1,985,806.49, ambacho hakikulipwa kamwe: 1985 ni mwaka aliochaguliwa, 80 ni namba ya jezi yake, 06 ni mwaka wa kustaafu, na 49 ni timu.